Kifuniko cha Zambarau

4 Februari

Kipenga wangu, mtoa kadi bila huruma,

Salamu nyingi, tena nyingi sana. U mzima? Goti linaendeleaje? Mama hajambo? Mwambie mimi ni mzima kabisa, nakula, nalala, na siku hizi nina ofisi yenye mlango. Umesikia? Mlango! Na juu ya mlango kuna kibao: Mkuu wa Idara ya Patholojia ya Kitabibu. Leo nimepita mbele yake nikijifanya natafuta choo, ili tu nikisome tena.

Najua utasema kwa nini sijapiga simu. Sipigi ng'o. Wewe ukishika simu unaongea kama uko katikati ya uwanja na mashabiki wanakuzomea, mama naye anaongea juu yako, mimi nabaki na "haloo, haloo". Barua angalau mtaisoma mmekaa.

Basi imekuwa hivi. Mkuu wetu amestaafu, akaacha kiti chenye umbo lake na mto uliokaliwa mpaka ukawa karatasi. Wakatafuta mtu wa kukaa pale, wakatafuta weee, wakaniona mimi. Dada, mimi! Daktari bingwa wa juzi tu, viatu bado vinanibana! Kutibu nimefundishwa, kupima nimefundishwa, lakini kuongoza watu hakuna aliyenifundisha. Najifunza mwenyewe, kama nilivyojifunza ile baiskeli ya baba mdogo: kwa kuanguka mbele za watu.

Na mwambie mama tena, polepole, kwamba sikati maiti. Maiti ni idara ya jirani, ghorofa ya chini. Sisi ni damu, mkojo, vijidudu na benki ya damu. Daktari wa wodini akitaka kujua mgonjwa ana nini, anatutumia kichupa, sisi tunampa jibu. Jibu likiwa sahihi hakuna anayetukumbuka. Likikosewa, hospitali nzima inajua tunakokaa.

Ndipo ninapofika kwenye tatizo. Kuna daktari mpasuaji wa watoto hapa, tunamwita Simba, kwa sababu ya sauti na kwa sababu ya nywele. Kila baada ya muda anapiga simu ananguruma. Anataka kumpasua mtoto, majibu yetu yanasema potasiamu iko juu sana kwenye damu. Potasiamu ikipanda namna hiyo moyo unaweza kusimama, kwa hiyo upasuaji unaahirishwa. Damu inachukuliwa upya, inapimwa: iko sawa kabisa! Imetokea tena na tena. Safari ya mwisho mtoto alikuwa karibu kupewa dawa ya kuishusha, na mama yake alishakaa nje analia. Mtoto hana kitu!

Simba ameiambia kamati ya hospitali kwamba damu za watoto zisiletwe kwetu tena, zipelekwe maabara ya nje. Kamati inakaa mwezi wa nne. Wakikubali, madaktari wanaosomea ubingwa kwangu hawatakuwa na damu za watoto za kujifunzia, na chuo kitawahamisha. Idara ya kufundishia isiyo na wa kufundishwa ni nini, dada? Ni chumba chenye mafriji.

Nitalipata kosa. Lazima nilipate. Tena nina wasiwasi nimeshamjua mwenye kosa.

Mdogo wako,
Darubini


16 Februari

Kwa Darubini, mheshimiwa mwenye mlango,

Barua yako imefika, asante. Sisi huku hatujambo. Goti linalia kama bawaba, ila linakimbia. Mama mzima, amewatangazia majirani wote kwamba umekuwa mkuu, halafu mmoja akauliza, "Mkuu wa mochwari?" Mama akajibu, "Ndiyo, lakini ghorofa ya juu." Nimeshindwa, mdogo wangu. Wewe mwenyewe utakuja kumweleza.

Hongera sana! Nilipiga kipenga ndani ya nyumba mpaka paka akaruka dirishani. Hakurudi mpaka jioni.

Sasa nisikilize mimi dada yako, maana kukemewa na watu wenye sauti kubwa ndiyo kazi yangu ya kila Jumamosi. Huyo Simba wako usimjibu kwa kunguruma. Kocha akinijia anarusha mate, mimi namtazama kifungo cha shati. Hicho kifungo hakijawahi kunitukana. Akimaliza namuuliza, "Kingine?" Mara nyingi hana kingine.

Jambo la pili. Umesema unamjua mwenye kosa. Ulimwona, au unahisi? Maana ukikaa katikati ya uwanja unaona migongo tu. Kuna mguu, kuna mpira, kuna mtu kaanguka anagalagala, na wewe hujui nani kamgusa nani. Inabidi ukimbie, ufike pale mpira ulipo, jasho likutoke. Wewe mpira wako unaanzia wapi? Kwenye mashine? Sijui, mimi wa kwenye majani. Nauliza tu.

Kula vizuri. Mama anasema uongozi unakondesha.

Dada yako,
Kipenga


11 Machi

Dada Kipenga, oyaaa!

Hamjambo huko? Mama? Goti? Paka? Mimi sijambo, sijambo kuliko maelezo, na papo hapo kichwa kinaniwaka moto. Kaa chini. Umekaa? Nimelipata!

Ila nianze mwanzo, usije ukasema naruka ruka.

Nilianza na mashine. Tuna sampuli maalumu ambazo majibu yake yanajulikana, tunazipitisha kila asubuhi kuona kama mashine inasema kweli. Inasema kweli. Nikabadilisha kemikali zote. Bado inasema kweli. Fundi akaja, akaifungua, akaifunga, akasema hii mashine ni nzima kuliko mimi. Basi nikageukia watu. Mtaalamu mmoja wa maabara, tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haupumziki, ndiye aliyekuwa zamu kila mara yale majibu mabaya yalipotoka. Kila mara, dada! Nikaona, ahaa. Nikamtoa kwenye mashine, nikampeleka dirisha la mapokezi ya sampuli. Nilimwambia mbele ya wenzake, kwa sababu nilitaka waone nina msimamo. Hakubisha. Kasuku akanyamaza siku nzima, maabara ikawa kama msiba.

Wiki iliyofuata likatoka jibu jingine bovu. Kasuku yuko dirishani, mashine hata haigusi.

Hapo nikakumbuka maneno yako ya migongo. Nikavua koti la ofisini, nikashuka wodi ya watoto, nikasimama tu pembeni, naangalia mpira unapoanzia.

Nesi mkuu wa pale ni mama mmoja wa makamo yaliyopita, karibu anastaafu. Wanamwita Sista Pole. Anampa pole kila mtu. Akigonga kiti anakipa pole. Manesi nusu ya hospitali hii amewafundisha yeye, na mkono wake kwenye mshipa wa mtoto, dada, ni kama anashona hariri. Akaletwa mtoto mwembamba, mkono kama kijiti, mama yake amemkumbatia, wote wawili wanatetemeka. Sista Pole akamwimbia, akamchoma, damu ikaja. Akajaza kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Akaanza cha njano, damu ikakata. Matone tu. Mtoto anapiga kelele, mama yake anasema, "Sista, usimchome tena, nakuomba." Sista Pole akasema, "Pole, pole, simchomi." Akafungua kile cha zambarau, akamimina kidogo kwenye cha njano. Akafunga vyote viwili. Akampa mtoto puto.

Nilikaribia kupiga kelele mimi!

Ngoja nikueleze. Kile cha zambarau ndani kimepakwa dawa ya kuzuia damu isigande, tunakitumia kuhesabu chembe za damu. Na dawa hiyo imetengenezwa kwa nini? Kwa potasiamu! Sisi potasiamu tunaipima kwenye cha njano. Ukimimina damu ya zambarau kwenye njano, umemimina na dawa yake. Mashine inasoma potasiamu ya kiwandani, sisi tunamwandikia mtoto. Tena dawa hiyo inaikamata kalsiamu, inaifanya ionekane kama haipo. Nikapanda ngazi mbio, nikatoa kwenye friji sampuli ya lile jibu bovu la mwisho, nikaipima kalsiamu ambayo hakuna daktari aliyeiomba. Karibu haipo kabisa! Hakuna mtu hai mwenye kalsiamu ile. Nilirukaruka peke yangu pale, Mama Benki wa benki ya damu akaja kuniuliza kama nimeumwa na kitu.

Nilirudi wodini kumwambia Sista Pole, taratibu, chumba cha dawa, mlango umefungwa. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Akasema, "Lakini damu si ni ile ile? Ni ya mtoto yule yule." Halafu akauliza, "Nimewaumiza?" Nikamwambia hapana, hakuna aliyeumia. Akasema, "Nilikuwa nawaonea huruma." Ni kweli, alikuwa anawaonea huruma.

Sasa Simba ameshasikia kwamba kosa limepatikana. Anataka jina. Mwenyekiti wa kamati anataka jina, kwa maandishi. Nikilitoa, idara yangu imetakata, wanafunzi wangu wanabaki, Simba ananyamaza. Na Sista Pole anaweza kumwaga unga akiwa mlangoni mwa kustaafu. Nisipolitoa, nitaonekana ninaficha, na watoto wanapelekwa nje. Kikao ni mwanzoni mwa mwezi ujao.

Nijibu haraka, tafadhali. Hata kwa kipande cha karatasi.

Mdogo wako anayekuhitaji,
Darubini


18 Machi

Darubini,

Sote wazima. Barua yako nimemsomea mama kwa sauti. Nilipofika kwenye puto alisema, "Huyo nesi asiguswe." Kwa hiyo kura ya mama unayo.

Mimi sikupi kura. Mechi ni yako, mimi niko jukwaani na karanga zangu. Nikianza kupuliza kwenye mechi ya mtu mwingine nitafungiwa maisha.

Ila nimesoma barua yako tena, na kuna mtu mmoja umempita kama basi linalopita kituo. Kasuku yuko wapi? Umeniandikia kurasa zote hizo juu ya Sista Pole, roho inakuuma asije akaaibishwa, na mwenzio ulishamwaibisha mbele ya wenzake, na hakufanya kitu. Bado yuko dirishani? Mdogo wangu, kadi ikishatoka mfukoni haiwezi kurudi mfukoni, hilo nalijua. Lakini mechi ikiisha kuna mlango wa chumba cha wachezaji, na mguu wa kukupeleka unao.

Na kama ulimpa kadi mbele za watu, usiende kumwomba radhi kwenye korido.

Nakupenda, usinune.

Dada yako,
Kipenga


20 Aprili

Wewe mtoto,

Kimya gani hiki? Mama anaota ndoto mbaya na kunisimulia zote asubuhi. Kikao si kimeshapita? Umenuna kwa ajili ya Kasuku? Wamekunyang'anya mlango? Hata wakikunyang'anya, huku tuna mlango, unakwaruza lakini unafunguka.

Andika. Hata tusi, andika.

Dada yako,
Kipenga


2 Mei

Kipenga wangu, dada yangu, mwamuzi wa haki,

Nisamehe! Nisamehe mara nyingi! Mpe mama pole ya ndoto zote. Mimi ni mzima, mlango ninao, na sikununa. Sawa, nilinuna. Siku ile ya kwanza nilinuna mpaka mashavu yakauma. Halafu nikaona umesema kweli, jambo ambalo ni la kuudhi zaidi.

Kila asubuhi idara yetu inakutana, wote tumesimama, tunasema nini kimeharibika jana. Nikasema, "Kilichoharibika ni mimi." Nikaeleza kwamba nilimtoa Kasuku kazini kwake bila ushahidi, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuonekana mkubwa, na kwamba naomba radhi mbele ya wote walionisikia siku ile. Kasuku akajikuna shingo, akasema, "Daktari, nimesamehe. Ila dirishani nilishaanza kupazoea. Kule mtu akisubiri risiti yake hana pa kukimbilia, lazima anisikilize." Wakacheka wote, nami nikacheka huku nafuta macho. Amerudi kwenye mashine, na kelele zake zote.

Sasa kikao. Sikia.

Chumba cha mikutano, meza ndefu, viti vya kuzunguka. Simba yupo, nywele zipo. Wanafunzi wangu wamejipanga ukutani kama watu wanaosubiri hukumu, manesi wakuu wa wodi wako upande wa pili, Sista Pole katikati yao. Mwenyekiti akasema, "Daktari, tupe jina." Nikatafuta kifungo cha shati la Simba. Dada, siku hiyo alivaa fulana! Nikaangalia mshono wa shingo.

Nikasema, "Kabla ya jina, naomba mnichukue damu."

Wakatazamana. Nikakunja mkono wa koti. Mmoja wa wanafunzi akasogea na sindano, ndipo Sista Pole aliposimama. Hatukupanga hilo! Akasema, "Kama kuna wa kumchoma huyu, ni mimi." Akanifunga mpira juu ya kiwiko, na sindano ilipogusa ngozi mkono wake ulikuwa umetulia kabisa. Sikusikia chochote. Akajaza cha njano, akajaza cha zambarau, halafu cha njano kingine akakiwekea matone tu, kama nilivyomwomba. Nikachukua cha zambarau, nikakifungua mbele yao, nikamimina mwenyewe kwenye kile chenye matone. Kasuku akaondoka navyo mbio.

Chai ikaletwa, tukasubiri.

Kasuku akarudi na karatasi mbili, anahema. Nikazisoma kwa sauti. Ya kwanza: mtu mzima wa afya. Ya pili: potasiamu ya kusimamisha moyo, kalsiamu ya kutokuwepo. Kasuku hakuweza kujizuia, akasema, "Kwa karatasi hii, mkuu wetu amefariki. Tunaomba utulivu." Mwenyekiti alimwaga chai yake!

Nikawaeleza dawa ya ndani ya kifuniko cha zambarau. Nikasema kuna sampuli ziliwahi kumiminwa hivi, na aliyefanya hivyo alikuwa anamwonea mtoto huruma. Halafu nikauliza, "Humu ndani, nani hajawahi kufanya hivi, hata mara moja, tangu aanze kazi?" Dada, nilidhani nitaona msitu wa mikono. Ikanyooka michache. Manesi wakaangalia viatu. Madaktari vijana wa Simba mwenyewe wakaanza kutabasamu kwa aibu. Simba hakunyoosha mkono. Alikuwa anakagua dari, kama fundi anayetafuta pa kuvuja.

Nikasema, "Mnataka jina, andikeni langu. Vichupa hivi vinatoka kwangu. Sijawahi kushuka wodi yoyote kumwambia mtu ndani yake kuna nini. Na vilipokuja na majibu ya ajabu, niliwatazama watu wangu badala ya kuja kuwatazama ninyi mnavyochukua."

Simba akashusha macho kutoka darini. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, sikujua kama anayo, "Na mtoto ambaye damu haitoki, unataka tumfanye nini?" Swali zuri! Nikamwambia kuna vichupa vidogo vya watoto, matone machache yanatosha, nimeshaviomba. Na jibu lolote la potasiamu ya namna ile, sampuli yake sasa tunaipima kalsiamu kabla jibu halijatoka, tena tunapiga simu wodini kwanza. Akasema, "Basi damu zangu zibaki hapa." Akasimama, akaondoka, mlangoni akageuka, "Pole kwa msiba, Daktari." Chumba kikavunjika kwa vicheko.

Wanafunzi wangu wanabaki. Chuo kimeandika. Na kila kundi jipya sasa linaanza kwa kushuka wodi ya watoto kwa Sista Pole, wajifunze mkono ule na wajue kichupa kinatoka wapi kabla hakijawa namba kwenye mashine. Yeye naye anapanda kwetu na manesi wake, anawaonyesha, "Hii zambarau, ukiimimina nitakuchapa. Pole, lakini nitakuchapa." Nina furaha, dada. Asubuhi nafungua ule mlango na kuuacha wazi.

Sasa kuna jambo moja, ndilo hasa la barua hii.

Sista Pole anastaafu wiki ijayo. Kuna sherehe ukumbini, hospitali nzima, familia yake, wajukuu. Mimi nimepewa kuongea. Jana kaja ofisini, kakaa kwenye kile kiti cha mto wa karatasi, kasema, "Utasimulia habari ya kichupa. Na utasema ni mimi." Nikamwambia, Sista, jina nililificha mbele ya kamati, leo nilitangaze mbele ya wajukuu wako? Akasema, "Pale ungelitaja wangenifukuza nalo. Hapa nataka nilitumie. Wakijua ni mimi, mimi niliyewafundisha, hakuna atakayemimina tena." Halafu akakipa kiti pole, akaondoka.

Kasuku anasema niseme, tena yeye yuko tayari kunisaidia kusimulia. Mama Benki anasema nikithubutu kumtia mtu mzima aibu siku yake ya kuagwa, haniongeleshi mpaka nistaafu na mimi. Simba nilimuuliza kwenye korido, akatazama dari.

Hotuba nimeiandika mara mbili, moja ina jina, nyingine haina, na zote nzuri. Mwulize mama pia, lakini mwambie asikimbilie kwenye puto. Kipenga wangu, mpira uko miguuni pangu na uwanja mzima unanitazama. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?

Mdogo wako,
Darubini